Mwana Mtu Mzima Mwenye Usonji Anapojiuliza Kuhusu Jinsia Yake: Kijitabu kwa Wazazi wa Jozani na Vijiji vya Jirani

Mambo mawili kwa mtu mmoja

Usonji ni namna ubongo unavyojijenga tangu mtoto yumo tumboni. Hauambukizi, hauletwi na malezi, chanjo wala jini, na hauondoki mtoto anapotimiza miaka 18. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa nao. Mtoto mwenye usonji huwa kijana mwenye usonji, akaja kuwa mtu mzima, akazeeka nao. Hata hivyo mazungumzo mengi kuhusu usonji huishia kwenye madarasa ya msingi. Tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya usonji, mabango huwa na sura za watoto. Mwanamume wa miaka 31 anayekaa na mama yake karibu na Kitogani, anayezijua kwa kichwa namba za gari zote za njia ya 309 na 310, hamo katika mabango hayo.

Kujiuliza kuhusu jinsia ni jambo la pili. Lugha ya sera nchini hutenganisha maneno mawili ambayo mitaani hutumika kama moja: jinsi, yaani mwili wa kiume au wa kike ambao mtu kazaliwa nao, na jinsia, yaani nafasi, mavazi, kazi na matarajio ambayo watu huyafunga kwenye mwili huo. Wengi hawajawahi kuona ufa kati ya hayo mawili. Wachache huuona. Mwili unasema hivi na nafsi inasema vingine, au nafsi haisemi chochote, na mtu hubaki akishangaa wenzake wanasikia nini. Mwingine huwa na uhakika, mwingine bado anatafuta. Mzazi wa huyu anayetafuta ndiye mwenye kazi ngumu zaidi, maana hana jibu la kukubali wala la kukataa. Ana swali tu.

Usonji na swali la jinsia hukutana kwa mtu mmoja mara nyingi kuliko bahati peke yake inavyoweza kueleza. Mwaka 2010 kliniki ya Amsterdam, Uholanzi, ilitoa matokeo ya watoto na vijana 204 waliopelekwa hapo kwa dukuduku za jinsia, na asilimia 7.8 kati yao walikutwa na usonji. Mwaka 2020 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walikusanya taarifa za watu zaidi ya 600,000. Waliona kuwa watu ambao jinsia wanayojitambua nayo hailingani na jinsi waliyozaliwa nayo wana uwezekano wa kuwa na usonji mara 3 hadi 6 kuliko watu wengine. Maana yake si kwamba kila mwenye usonji atajiuliza swali hili. Walio wengi hawajiulizi. Maana yake ni kwamba mzazi anayekutana nalo hakupatwa na jambo la ajabu lisilojulikana popote.

Maelezo kadhaa yametolewa kuhusu sababu yake, na hakuna lililoyashinda mengine. Watoto wengi hujifunza uvulana na usichana bila kufundishwa: huangalia, huiga, hukemewa kidogo, hunyooka. Mtoto mwenye usonji hazidaki kanuni zisizosemwa kwa wepesi huo, kwa hiyo huenda akafika ukubwani bila kuzivaa. Pengine pia hana mazoea ya kuficha analolihisi. Pengine mwili wake humletea hisia kwa ukali ambao wengine hawaujui, na balehe ikampitia kama tetemeko. Yawezekana yote hayo yamo kwa mtu mmoja, kwa vipimo tofauti.

Kinachoulizwa hasa

Chukua mfano wa kijana wa miaka 22. Mama yake anakuna nazi uani. Kijana anakuja, anasimama kando akitazama ukuta, na anasema, "Mama, mimi si mwanamume." Kisha anarudi ndani. Hakusema kwa huzuni wala kwa hasira. Kasema kama mtu anayetoa taarifa kuwa maji yametoka bombani. Mama anabaki juu ya mbuzi na kifuu mkononi.

Maneno hayo manne yanaweza kubeba mambo mengi, na kosa la kawaida ni kuchagua moja papo hapo. Pengine kijana amefanya hesabu. Kila siku husikia kwamba wanaume hupenda mpira, hukaa barazani hadi usiku, hawaogopi kelele. Yeye hapendi mpira, baraza linamuumiza masikio, na pikipiki ikipiga honi huziba masikio kwa viganja. Kwa hiyo, kwa mantiki iliyonyooka kabisa, yeye si mwanamume. Hapo kilichopotoka si akili yake, ni kanuni alizopewa. Mtu mwenye usonji huchukua maneno kama yalivyo, na jamii inayosema "mwanamume halii" imempa kanuni, haikumpa mafumbo.

Pengine ni nguo, na nguo zina nafasi kubwa katika jambo hili kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Shingo ya kanzu iliyotiwa wanga na kupigwa pasi hukwaruza. Kofia iliyobana huacha mstari kwenye paji. Kwa upande wa wasichana, baibui la poliesta hushika joto, sindiria hukaba mbavu, pini za mtandio huchoma hata zisipogusa ngozi. Msichana anayetupa sindiria na kuomba suruali pana na fulana ya kaka yake huenda anataka kitambaa tu. Ameona kuwa watu wanaoruhusiwa kuvaa kitambaa hicho ni wavulana, na amesema awe mvulana. Akipewa dera la pamba lililolegea na juba la kitambaa chepesi, na ile lebo ya shingoni ikakatwa kwa mkasi, dai lake laweza kupoa baada ya wiki mbili. Laweza pia lisipoe, na hilo nalo ni jibu.

Pengine ni mwili wenyewe. Hedhi, ndevu, matiti na sauti nzito ni mabadiliko yasiyoombwa, na mtu anayehitaji kila kitu kikae kilipokuwa jana huyapokea kama uvamizi. Kwa wengine chuki hiyo ni ya mabadiliko, na hutulia mabadiliko yakizoeleka. Kwa wengine ni ya jinsi yenyewe, na haitulii.

Pengine ni mapenzi. Mtu anayevutiwa na watu wa jinsi yake anaweza kufikiri kwamba lazima basi yeye ni wa jinsi nyingine. Hayo ni maswali mawili yanayosimama mbalimbali, ingawa majirani huyachanganya na hata baadhi ya wahudumu wa afya huyachanganya.

Na pengine ni jambo lenyewe kama lilivyosemwa: huyu ni mtu ambaye tangu akumbuke amejiona hakai pale alipowekwa. Dalili zinazoelekeza huko ni za muda. Hisia imekuwepo miaka, si miezi. Ilikuwepo kabla ya simu na video zake. Haibadiliki akibadilishiwa nguo, akihamia kwa shangazi mjini, akiwa peke yake chumbani au akiwa na watu. Dalili hizo hazimpi mzazi cheti cha kutoa hukumu, ila humwonyesha kuwa jambo halitaisha kwa kupuuzwa.

Mzazi anayesema "huo ni usonji wake tu" amelifunga swali kabla ya kulisikia. Usonji hauzuii mtu kujijua. Anayeweza kueleza kwa nini hali pweza anaweza pia kueleza mengi juu ya nafsi yake, akipewa nafasi na njia. Kwa upande mwingine, mzazi anayepokea sentensi moja na kuifanya uamuzi wa maisha, akaanza kuwaarifu ndugu, naye amemtangulia mwanawe. Kijana wa uani alisema alichofikia siku hiyo. Kesho anaweza kuwa amefika mahali pengine, na asiyependa kubadilisha kauli iliyokwisha kutangazwa atajikuta amekwama nayo.

Mazungumzo

Mazungumzo ya ana kwa ana, mzazi kakaa mbele na macho kayakaza, ni njia mbaya kwa mtu mwenye usonji. Kutazamana machoni humla nguvu ambazo angezitumia kufikiri. Huenda mengi zaidi yakasemwa watu wawili wakiwa ubavu kwa ubavu na mikono ina kazi: njiani kwenda shamba, wakichambua mchele, wakifunga mwani kwenye kamba huko Bwejuu au Paje. Mchana wa joto, gari zikipunguza mwendo kwenye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju na watalii wakishangilia, si wakati wake. Alfajiri baada ya sala, au jioni nyumba ikitulia, hufaa zaidi.

Maswali yawe madogo na ya kushikika. "Unajisikiaje?" ni swali ambalo wengi wenye usonji hawana pa kulishika. "Nguo gani inakusumbua, na inakusumbua wapi?" linajibika. Ndivyo yalivyo pia "Mtu akikuita kaka unasikia nini tumboni?" na "Wazo hili lilianza ukiwa darasa la ngapi?" Baada ya swali kuja kimya, na kimya hicho kisijazwe. Dakika mbili za kungoja jibu huonekana ndefu kwa mzazi, ila kwa anayefikiri ni fupi. Wengine watajibu kesho yake. Wengine wataandika. Daftari la skuli la kurasa 40, mzazi akiandika swali moja upande huu na mwana akijibu upande wa pili, limezisaidia familia kusema mambo ambayo mdomo usingeyatoa. Kwa asiyesema kwa mdomo, picha, ujumbe wa simu au kuonyesha kwa kidole hufanya kazi hiyo hiyo. Kutosema si kutokuwa na la kusema.

Anapozidiwa, yaani anapopiga kelele, kujigonga, kujifungia au kuganda, mazungumzo yameisha kwa siku hiyo. Kinachohitajika ni giza kidogo, ukimya, feni, na watu waondoke. Mzazi anayeendeleza hoja hapo hupata jibu lolote litakalomnyamazisha, na jibu hilo halina thamani.

Lugha yenyewe humsaidia mzazi wa Unguja. Wazazi wa nchi zinazosema Kiingereza wamegombana na wana wao miaka mingi juu ya kijineno kimoja kinachomtaja mtu akiwa mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakina kijineno hicho. "Amekuja," "amekula," "yeye kalala" humkaa kila mtu. Mwanangu, mjukuu wangu, ndugu yangu, mwenzetu: yote hayaulizi jinsi. Jinsia huingia kwa milango mingine, kama kaka na dada, ami na shangazi, bwana na bibi, bin na binti. Ikiwa "kaka" linamchoma, basi jina lake la nyumbani, lile alilopewa na bibi yake akiwa mchanga, litatosha, na hakuna jirani atakayeona kitu kimebadilika. Ni jambo dogo lisilogharimu kitu, na kwa baadhi ya vijana hupunguza nusu ya uchungu.

Kuna pia maneno ya kuumiza, na haya yaelezwe waziwazi. Shoga ni mfano wa ajabu. Kwa mwanamke wa Unguja ni jina la upendo kwa mwanamke mwenziwe. Likitoka kinywani mwa kijana wa barazani huwa tusi. Mtu asiyesoma sauti na uso hawezi kujua ni lipi limesemwa. Anahitaji kufundishwa tofauti hiyo kwa maneno matupu, kama anavyofundishwa chenji ya dukani.

Aliyekwishakuwa mtu mzima

Kisheria utu uzima huanza miaka 18. Kimila, mtu ambaye hajaoa wala kuolewa hubaki mtoto hata mvi zikimtoka, na mwenye usonji hubaki mtoto zaidi ya wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine, akisaidiwa kuamua pale anapohitaji msaada, badala ya kuamuliwa. Zanzibar ina Sheria yake ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2022, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ndilo linalosimamia mambo hayo visiwani. Mzazi anayetaka kujua haki za mwanawe ana mahali pa kuuliza, na si lazima ataje suala la jinsia anapouliza.

Kumsaidia aamue ni kazi tofauti na kumwamulia. Inahusu kumpa habari kwa kipande kimoja kimoja, kumwambia matokeo ya kila njia bila kumtisha, na kumpa muda. Inahusu pia kumwachia yaliyo yake kabisa, kama rangi ya nguo za ndani, urefu wa nywele katika mipaka ya nyumba, na chumba kinachofungwa. Mengine yanawahusu wote wanaokaa nyumba moja, na hayo hujadiliwa kama watu wazima wanavyojadili kodi na umeme.

Ndoa inatajwa hapa kwa sababu hutajwa kila mahali. "Aozwe, atatulia" ni ushauri unaotolewa kwa nia njema na huzaa watu wawili wasio na raha badala ya mmoja. Ridhaa yake inahitajika. Kumfungisha ndoa mtu ambaye hajajijua na mtu ambaye hakuambiwa chochote ni dhuluma kwa pande zote mbili, na talaka ikija, lawama hurudi kwa mama.

Dini

Kwa wazazi wengi wa Jozani swali la kwanza si la kitabibu. Ni la dini, na linastahili kujibiwa kwa elimu badala ya kupandishiana sauti. Fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo wanayofuata Waislamu wengi wa Unguja, haikuanza jana kuzungumzia watu wasiokaa sawasawa katika mafungu mawili. Ina milango mizima juu ya huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsi yasiyo bayana: vipi atasimama katika safu, vipi atarithi, vipi ataoshwa akifa. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomwa pwani hii kwa vizazi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim alitenganisha kati ya mwanamume aliyeumbwa na tabia za kike bila kujilazimisha na yule anayejitia makusudi. Wa kwanza hakumtia lawamani kwa alivyoumbwa.

Hayo hayamaanishi kwamba wanavyuoni wamehalalisha kubadili jinsi. Wengi wa Kisunni hawakubali kwa asiye huntha. Yanamaanisha kuwa kuhisi si kutenda, na kwamba mzazi anayemhukumu mwanawe kwa hisia aliyoikuta ndani yake amekwenda mbele ya vitabu anavyovitegemea. Anayetaka kuuliza achague shekhe anayetunza siri, amuulize faragha, na ataje usonji mwanzoni, kwa kuwa hali ya aliyeulizwa habari zake ni sehemu ya swali.

Dua na kisomo havidhuru. Fimbo, moshi wa pilipili, kamba, na kufungiwa chumbani siku saba kwa jina la kupunga, vinadhuru, na kwa mtu mwenye usonji huacha woga usiotoka.

Suala la huntha lina upande wa hospitali pia. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuona siku zake, au kijana ambaye balehe yake ilikwenda kinyume na ilivyotarajiwa, anahitaji kupimwa na daktari kabla ya mtu yeyote kusema ni fikra. Wachache hugunduliwa kuwa huntha wakiwa watu wazima.

Sheria, majirani na simu

Hapa kijitabu kinapaswa kusema wazi. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar ya mwaka 2018, kama iliyotangulia ya 2004, inaadhibu kwa kifungo kujamiiana kwa watu wa jinsi moja, na Tanzania haina sheria inayomwezesha mtu kubadilisha jinsi yake katika kumbukumbu za serikali. Kujiuliza moyoni, kusoma, kuongea na mzazi au daktari si makosa hayo. Lakini mtaa hauangalii vifungu. Mtu akishukiwa tu anaweza kupigwa, kupigwa picha, kutangazwa au kutozwa fedha ili anyamaziwe.

Mwenye usonji yumo hatarini zaidi kwa sababu moja ndogo: husema kweli. Dereva wa daladala akimuuliza kwa mzaha kama ana mchumba, atamweleza yote, kuanzia mwanzo, mbele ya abiria. Kumwambia "usiseme ovyo" hakumfai, maana ovyo ni wapi? Kanuni iwe ya orodha. Zungumzo hili ni la mama, baba, dada mkubwa na daktari fulani, kwa mwingine yeyote jibu ni "ni mambo ya nyumbani." Jibu hilo lifanyiwe mazoezi kwa sauti mara nyingi, kama watoto wa chuoni wanavyohifadhi sura fupi, hadi litoke lenyewe. Aelezwe pia kwamba kunyamaza kwa sababu hiyo si uongo. Wengi wenye usonji huteseka sana wakidhani wanadanganya.

Simu inahitaji somo lake. Huko mtandaoni kijana aliyekaa peke yake miaka 10 hukuta watu wanaomwelewa kwa mara ya kwanza, na hiyo ni faraja ya kweli ambayo mzazi asiibeze. Hukuta pia wanaomtaka picha, wanaomwita wakutane mjini, na wanaomwambia kwa uhakika yeye ni nani baada ya jumbe tatu. Kanuni tatu hutosha: hakuna picha ya mwili, hakuna kukutana na mtu bila kumjulisha mmoja wa nyumbani, na anayeomba fedha au siri husimuliwa kwa mzazi siku hiyo hiyo. Kunyang'anywa simu huondoa faraja na hatari huibakisha, kwa kuwa simu za wenziwe zipo.

Mavazi ya ndani ya nyumba na mavazi ya njiani yanaweza kutofautiana. Wanawake wa Unguja wameishi hivyo siku zote: baibui likivuliwa mlangoni, chini yake mna lolote. Mwenye usonji anayetaka kanga au fulana anaweza kupangiwa chumba na saa zake bila nyumba kuingia mashakani. Apewe sababu halisi, ambayo ni usalama. Akiambiwa aibu, ataibeba.

Afya

Mwaka 2019 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Katika orodha hiyo kutolingana kwa jinsia kuliondolewa katika sura ya magonjwa ya akili. Matibabu ya kumlazimisha mtu abadilike hayana msingi wa kisayansi na yana madhara. Kwa hiyo anayeahidi kumtoa mtu hali hiyo kwa wiki 6, awe na koti jeupe au kanzu, anauza kitu kisichokuwepo.

Yanayotibika ni mengine, nayo ni mengi: wasiwasi, kukosa usingizi, kifafa, huzuni ya muda mrefu. Watafiti wa Sweden mwaka 2016 waliona kuwa watu wenye usonji hufa kwa kujiua zaidi ya mara 7 kuliko wengine. Dalili za huzuni kwa mtu mwenye usonji hazifanani na za watu wote. Huenda asilie. Huacha kile alichokuwa akikipenda kupita kiasi: anayejua namba za gari haendi tena barabarani. Hupunguza hata vile vyakula vichache alivyokuwa akivila. Hugawa vitu vyake. Huuliza juu ya kifo kwa sauti ile ile ya kuuliza saa. Akisema anataka kufa, achukuliwe kuwa amemaanisha, kwa kuwa hana mazoea ya kusema asichomaanisha. Dawa, kamba na sumu za shamba ziondolewe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Huduma za afya ya akili zipo Hospitali ya Kidongo Chekundu mjini, na rufaa inaweza kuanzia hospitali ya wilaya ya Kitogani au kituo cha afya cha jirani. Kwenda Kidongo Chekundu bado kunatiwa maneno, jambo la kusikitisha, na wazazi wengine hupanda gari ya alfajiri wasionekane. Waende hata hivyo.

Hatari moja ya dukani itajwe. Vidonge vya uzazi wa mpango vinavyonunuliwa bila cheti na kumezwa na kijana wa kiume kwa wingi ili mwili ubadilike vinaweza kugandisha damu kwenye miguu, mapafu au ubongo. Sindano za homoni za kiume kwa msichana, nazo, huzidisha unene wa damu na hubadilisha sauti isirudi tena. Mzazi akigundua vidonge hivyo asianze kwa kipigo. Aanze kwa kuuliza vimemezwa vingapi, tangu lini, na amfikishe kwa daktari.

Mzazi na nyumba yake

Baba na mama mara nyingi hawafiki pamoja. Mmoja huwa amekwishazoea, mwingine bado anatafuta wa kumlaumu, na lawama huelekea kwa mama aliyemlea "kama yai". Hakuna malezi yaliyowahi kuthibitishwa kumfanya mtu awe na usonji au ajiulize kuhusu jinsia yake. Mzazi mwenyewe huhitaji mtu mmoja wa kusemea, mmoja tu, aliyechaguliwa kwa uwezo wake wa kunyamaza. Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar huwakutanisha wazazi, na hata asipotaja jinsia, mzazi atakuta wenziwe wanaojua uchovu wa miaka 25 bila likizo.

Ndugu wa kijana husahauliwa. Dada anayekaribia kuolewa huogopa watu watasema nini. Kaka mdogo hugombana barazani kwa ajili ya ndugu yake na kurudi na mdomo uliopasuka asiseme sababu. Waelezwe kadiri mwenyewe alivyoridhia, kwa maneno yale yale kila mara, maana mwenye usonji akisikia maelezo mawili tofauti juu yake mwenyewe hubabaika.

Na ipo siku wazazi hawatakuwepo. Nani atakaa naye, nani atasimamia fungu lake la mirathi, nani atajua mambo yake, ni maswali yanayopaswa kujibiwa mzazi angali na nguvu. Fungu la mirathi hufuata jinsi iliyoandikwa, na hilo aelezwe mwenyewe mapema ili lisimshtue katikati ya msiba. Aliyechaguliwa kumrithi mzazi katika kazi hii aachiwe daftari: anakula nini na hali nini, kitambaa gani kinamuumiza, anapozidiwa afanyiwe nini, anaitwa jina gani nyumbani na jina gani asiitwe, ni nani anajua na ni nani hajui. Kurasa hizo zisomwe na mwenyewe kwanza, na asahihishe kwa kalamu yake yaliyokosewa.